Wageni wa Uani: Majuma Mawili Boito



Ndugu zangu katika imani, na khasa akina mama ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu: kwa majuma mawili sikuandika. Wako walionipigia simu kuuliza kama ni mgonjwa. Nawashukuru. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa safarini, na leo nawaeleza nilikokuwa na niliyoyaona.

Nilikwenda Boito. Najua wengi wenu jina hili hamjapata kulisikia, nami sikulijua mpaka binti yangu alipopata kazi ya uuguzi huko. Boito iko kaunti ya Bomet, upande wa Konoin, katika vilima vya chai vinavyoungana na vile vya Kericho. Kwa mtu wa umri wangu ni safari ya siku mbili: siku ya kwanza treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, siku ya pili matatu kupitia Narok hadi mji wa Bomet, na mwisho pikipiki, kanzu imepandishwa magotini na mkoba nimeukumbatia, kwenye njia nyekundu yenye chai kushoto na kulia. Chai ile imekatwa ikalingana mpaka mtu hudhani ni zulia lililotandikwa juu ya vilima. Ni nzuri kwa macho. Lakini baada ya mwendo wa nusu saa niligundua kwamba sikuwa nimeona ndege hata mmoja ndani yake. Wako pembezoni: kwenye vijito, kwenye miti ya mkaratusi, kwenye nyua za watu. Chai ni ya chai peke yake.

Sikwenda kutembea. Nilikwenda kumchukua binti yangu nimrejeshe nyumbani.

Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, na alifariki mwaka juzi. Binti alikaa eda yake kwetu Mombasa, miezi minne na siku kumi, kisha akarudi kazini na mwanawe, ambaye sasa ana miaka saba. Tangu hapo mama yake hakulala vizuri, na mimi nilikuwa na hoja zangu. Mjane yuko mbali na mahramu zake. Adhana haisikiki pale. Msikiti uko mjini, na mji ni nauli. Mtoto hana chuo cha Qur'ani. Nilizipanga hoja hizi njia nzima kama mtu anayetayarisha khutba, na chumba cha juu nyumbani nilikuwa nimekwisha kukipaka rangi.

Nilifika jioni, mwezi wa Julai. Sisi watu wa pwani tukisema "baridi" huwa tunasema kitu kingine. Boito iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na Julai ukungu hushuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Maji ya kutawadhia alfajiri yaliniuma vidole hadi mifupani, na nilikumbuka kwa mara ya kwanza kwa viungo vyangu, si kwa kitabu, kwa nini kukamilisha udhu wakati wa mashaka kumetajwa kuwa na fadhila.

Asubuhi ile ya kwanza, baada ya sala, niliketi barazani na blanketi begani na chai ya maziwa mkononi. Binti akatoka na bakuli. Katikati ya ua kulikuwa na kigingi, na juu ya kigingi sahani ya bati iliyotobolewa matundu madogo ili maji ya mvua yasikae. Akamimina chenga za mahindi na mtama kidogo, akachomeka nusu ya ndizi mbivu kwenye msumari, akajaza kopo la maji, akaingia ndani asiseme neno.

Nilimwuliza, "Mwanangu, hii si israfu?"

Akajibu kutoka jikoni, "Abba, hizo ni chenga za chini ya mashine ya posho. Mwenye mashine hufagia akanipa."

Basi nikanyamaza, maana mtu aliyepanda mti au mmea, akala humo mwanadamu au ndege au mnyama, ameandikiwa sadaka. Hilo nimelifundisha mwenyewe miaka thelathini, naye alikuwa mbele yangu mkekani nilipolifundisha.

Walikuja saa moja kasorobo, ukungu ulipoanza kunyanyuka. Kwanza chiriku wa manjano, wawili, kisha wanane, na wenzao wa rangi ya udongo wenye michirizi kifuani. Sisi tunamjua chiriku kwa kumsingizia mtu mwenye maneno mengi. Sikupata kumtazama akila. Humenya kila punje, akatupa ganda, akatazama juu kabla ya kuchukua nyingine. Wakaja mnana weusi kwa manjano, ambao huko hawajengi kwa makundi kama wetu wa minazini, bali hutembea wawili wawili, mume na mke. Kwenye ndizi walishuka kuzumburu, hawa wenye mkia mrefu na kishungi, wakitambaa matawini kama panya, sita kwa pamoja, wakala mpaka ikabaki ganda. Kwenye maua ya uzio akaja chozi mmoja dume mwenye mkia mrefu, ambaye kivulini ni mweusi kabisa na jua likimpiga huwaka kama sinia ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Huyu hakuijali sahani yetu hata kidogo. Na juu ya paa kwarara walipita wakipiga makelele yao, ambayo mjukuu wangu huyaiga vizuri kuliko inavyofaa mezani.

Mjukuu alikuwa na kazi yake. Kila ndege aliyetua aliweka kokoto kwenye kopo. Siku ile zilikuwa thelathini na moja.

Siku ya pili niliwahi kuketi. Nilivaa soksi mbili. Sahani ilikuwa imejaa, ndizi imechomekwa, ukungu ulinyanyuka kama jana, na hakuja hata mmoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Nitasema kweli: nilikasirika. Nilimwambia binti kwamba ndege hawa hawana adabu. Akacheka, na nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu msiba.

Siku ya tatu walikuja saba. Ya nne, hakuna. Ya tano walijaa uani mpaka wakagombana.

Jirani yetu, mama wa Kikipsigis aliyenizidi umri kidogo, alikuwa akija kila jua linapotoka kidogo, na tukisalimiana kwa "chamgei" nilimwuliza sababu. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee," akasema, "nyasi zikiwa na mbegu kule bondeni, watakuja kwako kufanya nini? Na kama kuna mtu amepanda wimbi, wimbi likianza kuiva, sahau." Kisha akacheka sana. "Sisi tukiwa wasichana tulikaa shambani kutoka asubuhi mpaka jioni kufukuza hawa ndege kwa wimbi. Sasa huyu mtoto wako anawaalika!" Wimbi lilikuwa ndicho chakula cha watu wale kabla ya mahindi na kabla ya chai, na chai ilianza kupandwa kwa wingi katika nchi ile miaka ya 1920. Siku hizi shamba la wimbi ni la kutafutwa. Wale ndege waliofukuzwa walibaki na pembe ndogo tu ya nchi yao.

Jamaa yetu mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, nilimpigia simu kumsimulia, akaniambia jambo hili huko ni desturi kubwa. Majira ya theluji, ardhi inapoganda, watu hutundika mbegu na mafuta kwenye nyua zao, na tangu 1979 maelfu ya familia hutenga saa moja mwishoni mwa Januari, wakaketi dirishani pamoja na watoto wao kuhesabu ndege. Marekani na Kanada wanayo hesabu kama hiyo tangu 1987, ya majira mazima ya baridi. Na huko nako ndege hawana ahadi. Yako makabila ya ndege wa misitu ya kaskazini ambao miti yao ikizaa mbegu vizuri hawaonekani kabisa kusini. Mwaka ambao miti haikuzaa hushuka kwa makundi mpaka kwenye nyua za mijini. Mtu hungoja miaka, kisha siku moja anafungua pazia, wamejaa. Jamaa alinionya pia kwamba sahani chafu huua. Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, maradhi ya koo yanayoenea pale ndege wanapokula pamoja yamemaliza idadi kubwa ya chiriku wao wa kijani. Nilimweleza binti, nikamkuta kama muuguzi amekwisha kulijua: kila Ijumaa huisugua sahani kwa maji ya moto na kuianika kabla ya kutia chakula kipya.

Nyumbani Mombasa jambo hili lisingewezekana, nami nasema hivi kwa sababu nimelijaribu tangu niliporudi. Mchele wangu wa kwanza uliliwa na kunguru, na wa pili pia. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, wakavuka, wakaenea pwani yote, na sasa kila mama anayeanika kitu juani ni shahidi. Boito hawakufika.

Sasa nieleze lililotokea siku ya sita, ambalo nilikuwa na sehemu yangu ya lawama. Mjukuu alichoka kungoja. Akatega kikapu kwa kijiti na kamba, akatia mtama chini yake, na mimi nilimwona nikanyamaza, nikifikiri hatapata kitu. Akapata chiriku. Alikuja mbio kwangu amemshika kwa mikono miwili, uso wake unang'ara, akasema, "Babu, huyu sasa ni wetu. Hataacha kuja tena."

Kipi cha kumwambia? Nyote mwajua kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kindege akikichezea, kikafa, na Mtume wetu (S.A.W.) akimwona yule mtoto na huzuni yake humwuliza kwa upole khabari za kindege chake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliandika risala nzima juu ya hadithi hiyo fupi na akatoa humo faida zipatazo sitini, na miongoni mwa yaliyochukuliwa na wanavyuoni ni kwamba mtoto anaweza kuwa na ndege wa kuchezea, maadamu hateswi na halishwi kwa uchache. Kwa hiyo nisingeweza kumwambia mtoto kuwa ni haramu. Sheikh asiyependa jambo asilifanye haramu kwa kutolipenda.

Nikamsimulia kingine. Masahaba walikuwa safarini, wakawachukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akipiga mbawa chini kwa chini. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa kumchukulia wanawe, akaamuru warudishwe. Mtoto akanitazama. Akauliza kama huyu wake ni mama au ni kinda. Nikasema sijui. Akauliza kama ndege wa Ababil waliwahi kushikwa na mtu. Nikasema la. Surat al-Fil ameihifadhi, na niliposikia makharij yake siku ile nilijua mama yake hajakaa bure usiku, ingawa ha yake na kha yake bado zina kazi.

Akafungua mikono. Chiriku hakuruka. Alikaa kiganjani kwake ametulia, kidomo wazi, moyo unapiga mpaka manyoya yanatikisika, kwa muda nilioweza kusoma al-Fatiha mara mbili. Kisha akaenda.

Siku tatu hawakuja. Mtoto alilia siku ya pili, akajiona ndiye sababu. Huenda alikuwa ndiye, huenda ni nyasi za bondeni. Sikuwa na elimu ya kumwambia.

Usiku wa siku ile ya tatu nilizitoa hoja zangu. Mtoto alikuwa amelala. Nilianza na msikiti, nikaja kwenye chuo, nikamalizia na mama yake ambaye halali. Nikamkumbusha kwamba riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba lau tungemtegemea kwa haki ya kumtegemea angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake. Akatia makaa kwenye jiko. Kisha akasema, "Abba, wewe ndiye uliyetufundisha hadithi hiyo. Ndege yule anatoka asubuhi ana njaa, ndiyo anarudi jioni ameshiba. Hakai kiotoni." Akanyamaza kidogo. "Hapa wananijua. Mume wangu walimbeba wao mpaka kwenye gari, akina mama hawa wakakaa nami usiku kucha kabla hamjafika. Nikirudi Mombasa nitakuwa mjane wa chumba cha juu."

Sikuwa na jibu. Nilisema tutazungumza kesho, kama tusemavyo wazee tukishindwa.

Kesho yake alasiri ikanyesha mvua ya mawe. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nchi ya Kericho na majirani zake ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, hata katika miaka ya 1960 majaribio yalifanywa ya kulipua mawingu ili kuokoa chai. Lakini kuambiwa si kuwa chini ya bati. Hatukusikizana. Dakika ishirini. Ilipokwisha ua ulikuwa mweupe, na shamba la jirani, ambalo asubuhi lilikuwa na majani mawili na kichipukizi juu ya kila tawi, lilikuwa limechanwachanwa kama mboga. Kwake hizo ni wiki nyingi bila jani la kupeleka kwenye kituo cha kununulia, na karo ya shule haijui mvua. Alisimama katikati ya mashina yake mikono kiunoni. Sikumwendea, sikujua maneno yao ya pole. Binti alimwendea.

Chini ya uzio tuliokota ndege watano waliokufa, mmoja kuzumburu na wanne wadogo. Mjukuu aliwachimbia shimo.

Jioni hiyo wakaja kumwita binti: mwanamke ameshikwa na uchungu, na njia imejaa matawi. Akavaa buti, akachukua tochi na mkoba wake, akanishika mkono akaubusu, akaondoka na wanaume wawili mbele yake na yule jirani nyuma. Nilibaki barazani mpaka mwanga wa tochi ulipopotea ndani ya chai. Usiku ule nilisali rakaa nyingi kuliko kawaida yangu.

Alfajiri alikuwa hajarudi. Kwa hiyo mimi na mtoto ndio tuliotia chenga. Nilipasha maji, nikayeyusha barafu iliyoshika kwenye sahani, nikachomeka ndizi. Hatukuwa tumeketi bado walipoanza kushuka. Chiriku, mnana, kuzumburu, shore, njiwa wawili, na kurumbiza mwenye kifua cha chungwa ambaye siku zote humsikia akiimba gizani bila kumwona, naye alishuka chini akaokota wadudu kwenye majani yaliyopasuka. Wengine mkia haukuwapo. Hata yule chozi wa shaba, maua yake yakiwa yamepigwa yote, alitua kwenye kigingi, akaichunguza ndizi, akaidunga mara moja kwa mdomo wake uliopinda. Mtoto alimaliza kokoto zake akaanza kutumia punje za mahindi. Mara wote wakanyamaza na kutoweka, kwa kuwa mwewe mmoja mkubwa wa kule, mweusi mgongoni na mkia mwekundu, alipita chini juu ya paa. Na baada ya muda wakarudi mmoja mmoja.

Tulikuwa hapo tulipo binti alipotokea njiani, tope hadi magotini. Mama na mtoto walikuwa salama, alhamdulillah. Jirani alikuwa pamoja naye, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yaliyotiwa mkaa wa mti. Yeye ambaye jana chai yake yote iliharibika ndiye aliyeniletea mimi zawadi. Nilikunywa. Ladha yake inataka mazoea.

Siku mbili zilizobaki sikuifungua tena ile khutba. Si kwamba nimeridhika. Kuhusu chuo cha mtoto sijaridhika mpaka leo, na nimemwambia hivyo. Kila usiku baada ya Isha hunisomea kwa simu, mtandao unapokubali, na ha yake imeanza kutoka kooni. Chumba cha juu tumekipangisha kwa mwanafunzi.

Mke wangu amenunua Marikiti kilo kumi za mtama, umefungwa uko nyuma ya mlango, tuwapelekee mwezi wa Disemba yeye na mimi. Juzi binti alipopiga simu, mama yake alimwuliza kwanza habari za afya, kisha habari za kazi, kisha ndege. Alisema tangu Jumatatu hajatua hata mmoja, na kwamba mtoto bado anaketi pale kila asubuhi na kopo lake.